Homa yako na mambo ya chumbani

Mgonjwa akija kwangu na homa, koo linamuuma na mwili umelegea, kuna swali humuuliza ambalo wengi hawalitarajii: wiki chache zilizopita, umelala na mtu bila kondomu? Wapo wanaocheka, wapo wanaonuna. Huo si umbea wa daktari.

Virusi vya Ukimwi vikishaingia mwilini, mara nyingi havikai kimya kama watu wanavyodhani. Wiki mbili hadi nne baada ya kuambukizwa, wengi hupata homa, maumivu ya koo na misuli, mitoki ya shingoni au kwapani, na uchovu mzito. Baada ya siku kadhaa hali inapoa yenyewe, na mtu anajiambia yalikuwa mafua tu. Hata mimi kwa kumtazama tu siwezi kuapa ni kipi. Homa ya mafua kwa kawaida hupiga ghafla, asubuhi mtu ni mzima wa afya, jioni hainuki kitandani, tena huja na kikohozi. Nikiona upele kifuani au vidonda mdomoni, naanza kufikiria mengine. Ila hayo yananidokezea tu. Jibu liko kwenye kipimo.

Na kipimo kina wakati wake. Kile cha kutoboa kidole hutafuta kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya kirusi, ambazo mwili huchukua wiki kadhaa kuzitengeneza. Ukipima wakati homa ndiyo imekushika, kinaweza kukuonyesha huna maambukizi, ilhali ndicho kipindi ambacho virusi vimejaa kwenye damu na ni rahisi sana kumwambukiza mwenzako. Ndiyo maana nauliza. Ukinieleza ukweli, nitaagiza kipimo cha maabara kinachotafuta kingamwili pamoja na antijeni, yaani sehemu ya kirusi chenyewe. Hicho kikitumia damu ya mshipa huanza kugundua maambukizi kati ya siku ya 18 na ya 45 baada ya kuambukizwa. Kipo pia kinachotafuta vinasaba vya kirusi, nacho huwahi zaidi. Cha kidole kisipoonyesha kitu, kirudie miezi mitatu ikishatimia tangu siku uliyolala na mtu bila kondomu.

Kama tukio ni la jana au juzi, usingoje homa. Dawa za PEP, yaani za kuzuia virusi vya Ukimwi visishike mwilini baada ya tukio, huanzishwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu, kisha unazimeza siku 28 bila kuruka. Homa ikija kutokea, muda wa PEP kwa tukio lile umeshapita zamani.

Kaswende nayo ina mchezo wake. Huanza na kidonda kisichouma, ambacho hupona hata usipotibiwa, kisha baadaye huja homa, koo kuuma, mitoki, na upele ambao unaweza kutokea hadi viganjani na nyayoni. Mtu aliyesahau kile kidonda hatauhusisha upele huu nacho. Malengelenge ya sehemu za siri, yakiwa ya mara ya kwanza, nayo huweza kuja na homa na maumivu ya mwili. Klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, ni kinyume: kwa wanawake wengi haionyeshi chochote, mpaka ifike kwenye mirija ya uzazi. Kwa hiyo "sina dalili" si jibu linalonitosheleza. Kipimo cha mkojo, au cha ute uliochukuliwa kwa kijiti cha pamba, ndicho kinachojibu.

Sasa mafua yenyewe. Antibiotiki haziui virusi vya mafua, na sitaandika dawa kwa ajili ya kumridhisha mtu. Kinachoniudhi zaidi ni vidonge vilivyobaki nyumbani. Mtu anavimeza kutibu mafua, kumbe ana kisonono asichokijua. Dalili zinafifia, ugonjwa unabaki, na vijidudu vinajifunza kuihimili dawa. Kisonono tayari kimeshazishinda dawa kadhaa zilizokuwa zikikitibu.

Kwa mtu mwenye afya, homa ya mafua inahitaji mapumziko, maji ya kutosha na parasetamoli. Watoto wasipewe aspirini. Lakini kama una mimba, umri umezidi miaka 65, una pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo au kinga dhaifu, wasiliana nasi mapema, kwa sababu dawa za kupambana na kirusi hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 48 za mwanzo. Kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, au homa iliyopoa kisha ikarudi kwa kishindo: hapo nenda hospitali, usijadiliane na mtu. Chanjo ya mafua hurudiwa kila mwaka kwa sababu kirusi hubadilika, na ile ya sindano haina kirusi hai, hivyo haiwezi kukupa mafua.

Jambo moja wanawake huniuliza wakiwa wameshasimama kuondoka. Ukitapika ndani ya saa tatu baada ya kumeza kidonge cha uzazi wa mpango, meza kingine. Kutapika au kuhara kukiendelea zaidi ya siku moja, tumia na kondomu, kisha soma karatasi ya dawa au tuulize, maana vidonge havifanani.

Ukifika mapokezi huna haja ya kutaja ugonjwa mbele ya foleni. Sema ni jambo la faragha, na kama unataka mhudumu wa kike au wa kiume, liseme hapohapo ili tukupangie.