Mbawakawa vimelea: kazi moja, koo nyingi

Mbawakawa ni wadudu wa oda (kundi kubwa la uainishaji lenye familia nyingi) ya Coleoptera, wale ambao mabawa yao ya mbele yamekuwa magamba magumu ya kufunika mabawa ya kurukia. Spishi zilizokwisha kupewa majina zinakaribia 400,000. Wengi hula majani, mbao, mizoga, mavi, au huwinda wadudu wenzao. Wachache sana huishi kwa kuutegemea mwili wa kiumbe mwingine au chakula alichowawekea watoto wake, na kumdhuru. Hao ndio mbawakawa vimelea.

Jina hilo linataja kazi, halitaji ukoo. Wavuvi wa kijiji kimoja si lazima wawe na babu mmoja, na hawa nao ni hivyo hivyo. Oda ya Coleoptera ina oda ndogo nne, na vimelea wanapatikana katika mbili: Adephaga, kwenye familia ya Carabidae, na Polyphaga, kwenye familia kadhaa zikiwemo Meloidae, Ripiphoridae, Staphylinidae na Leiodidae. Kila kundi liliingia katika maisha hayo kwa njia yake, na ndugu zake wa karibu mara nyingi bado ni wawindaji au walaji wa uozo.

Karibu wote hao ni vimelea wa utotoni tu. Buu hukua kwa kumla mwenyeji mmoja, yaani kiumbe anachokitegemea, hadi amfishe, kisha hugeuka mbawakawa anayejitegemea. Wanasayansi humwita kimelea wa namna hiyo parasitoidi. Mfano mwepesi ni Aleochara bilineata wa familia ya Staphylinidae. Buu lake jipya hutambaa udongoni likitafuta pupa (mdudu aliyetulia ndani ya gamba akigeuka kuwa mzima) wa nzi wa mizizi ya kabichi, hutoboa gamba lake, huingia, hula kilichomo na kugeuka pupa humo humo. Akitoka akiwa mzima, huwala mayai na mabuu ya nzi yule yule. Familia hiyo hiyo ndiyo yenye nzi wa Nairobi, anayebabua ngozi. Huyo si kimelea, na wala si nzi.

Meloidae ndio wanaostahili kutazamwa kwa kituo. Afrika Mashariki wazima wao wanajulikana vizuri mashambani: weusi, wenye mikanda ya njano au myekundu, wanaotafuna maua ya kunde, mbaazi na maharage. Ukimponda mmoja mkononi, sumu yake ya kantharidini hufanya lengelenge. Wengi wa hao wa maua ni wa jenasi za Hycleus na Mylabris, na mabuu yao hula mayai ya panzi yaliyofukiwa ardhini. Kwangu huo ni uwindaji wa mayai zaidi kuliko umelea, ingawa mara nyingi hutajwa pamoja. Umelea wenyewe uko kwa ndugu zao wanaovamia viota vya nyuki wapweke, yaani nyuki wanaochimba kila mmoja kiota chake.

Jike wa Meloe, jenasi mojawapo ya wavamizi hao, hutaga mayai kwa maelfu, kwa kuwa watoto wengi watapotea njiani. Buu wa kwanza ni mdogo, mwenye miguu mirefu yenye makucha, na kazi yake ni moja: kumdandia nyuki. Akishafika kiotani hula yai la nyuki, kisha chavua na asali. Hapo hana safari tena, kwa hiyo akijivua ngozi anakuwa funza mnene mwenye miguu mifupi. Baadaye hupitia hatua ya kutulia kabla ya kuwa pupa. Mdudu wa kawaida ana buu la sura moja. Huyu hubadilisha sura utotoni kufuatana na kazi ya kila hatua.

Katika jangwa la Mojave, Marekani, mabuu ya Meloe franciscanus hujikusanya mamia kwa mamia kwenye ncha ya jani na kutoa harufu inayofanana na ya nyuki jike wa spishi Habropoda pallida. Dume huja akidhani amepata mchumba, nayo humng'ang'ania. Akikutana na jike wa kweli, mabuu humhamia jike, na jike huyabeba mwenyewe hadi kiotani.

Kimelea anayekaa mwilini mwa mnyama mwenye damu moto, kama afanyavyo kiroboto, ni nadra mno kwa mbawakawa. Yupo Platypsyllus castoris, anayeishi kwenye manyoya ya biva, mguguna wa mitoni anayejenga mabwawa Ulaya na Amerika Kaskazini. Ni bapa, hana macho wala mabawa ya kurukia, na hula ngozi na majimaji yake. Alipoelezwa mwaka 1869 aliwekwa karibu na viroboto, na mwaka huo huo mtaalamu mwingine akamtungia oda ya peke yake. LeConte, mtaalamu wa mbawakawa wa Marekani, ndiye aliyemrudisha kwa mbawakawa mwaka 1872. Sasa yuko Leiodidae, familia ambayo wengi wake hula uozo na kuvu.

Wafugaji wa nyuki watauliza kuhusu yule mweusi mdogo wa mizinga, Aethina tumida, mwenyeji wa Afrika kusini mwa Sahara. Miongozo mingi humwita kimelea, lakini hashiki mwili wa nyuki. Mabuu yake hutoboa masega, hula asali, chavua na watoto wa nyuki, na asali iliyobaki huchacha. Ni mwizi wa nyumbani, na jina hilo linamtosha. Nyuki wa Afrika humsukumia kwenye nyufa na kumzungushia gundi yao. Huko ndani naye huwapapasa walinzi kwa vipapasio mpaka wamlishe. Alipogunduliwa Florida mwaka 1998 na Italia mwaka 2014, alikuta nyuki wa Kizungu wasio na mazoea hayo kwa kiwango hicho, na hasara ikawa kubwa kuliko ile tunayoiona huku. Hujigeuza pupa udongoni, chini ya mzinga au karibu nao.