Fischer na Byrne 1956: watoto wanadanganywa kuhusu ufunguzi wa chesi

Kila nikikaa na vijana kwenye ubao nasikia neno lilelile, eti mashindano ya watoto unashinda kwa kukariri ufunguzi, yaani muvu (hatua) za mwanzo za gemu, ukiwa na muvu 15 kichwani umemaliza. Si kweli jamani. Na gemu wanayopenda kuitaja, ya Wamarekani Bobby Fischer (mweusi) na Donald Byrne (mweupe), New York, Oktoba 1956, Fischer ana miaka 13 tu, ndo inayowakatalia.

Ufunguzi wake unaitwa Grünfeld, ila haukuanza hivyo, Byrne alianza na farasi f3 (herufi na namba ni jina la kijumba cha ubao) na wakaingia Grünfeld kwa mlango wa nyuma, muvu ya 5, Fischer alivyosukuma askari d5. Wazo lenyewe: muache mweupe ajitanue katikati, wewe mfiche mfalme pembeni karibu na ngome mapema (castling) halafu uanze kuipiga hiyo katikati. Fischer mfalme wake kashamficha muvu ya 4. Byrne muvu ya 11 anamsogeza tena askofu yuleyule, kutoka f4 mpaka g5, na mfalme wake bado kakaa e1, palepale alipoanzia! Hapo ndo pakamgharimu, Fischer akamtupa farasi a4 aliwe, maana ukimla, farasi wa pili anakula askari wa e4 na anawashika malkia na askofu kwa mpigo mmoja. Hiyo hukariri, unaiona.

Halafu ile ya "malkia akiliwa gemu imeisha". Muvu ya 17 malkia wa Fischer anashambuliwa pale b6, yeye anarudisha askofu e6, malkia aliwe tu, na badala yake akavuna ngome, maaskofu wawili na askari mmoja. Byrne angemla huyo askofu wa e6 ndo balaa kabisa: malkia b5 cheki (mfalme anashambuliwa), farasi anamkimbizakimbiza mfalme kwa cheki, malkia anajitoa f1, ngome inalazimika kumla, farasi e2, mati, yaani mfalme kashambuliwa na hana pa kukimbilia, kazibwa na watu wake mwenyewe. Nilimpangia kijana mmoja wa miaka 10, akanyamaza weee, kisha akasema turudie.

Wanaosema Byrne alikuwa dhaifu wanamwonea, huyu alichukua mashindano ya wazi ya Marekani, US Open, 1953. Na Fischer hakushinda mashindano yale ya New York, mshindi alikuwa gwiji wa Marekani Samuel Reshevsky, dogo akaondoka na zawadi ya gemu nzuri kuliko zote. Byrne angeweza kukubali kushindwa mapema, lakini alimuacha mtoto acheze mpaka mati yenyewe, muvu ya 41.