Boda ya umeme, mlima wa Kololo na pembe ya mkondo

Wiki iliyopita dereva wa boda ya umeme kaniletea pikipiki yake hapa Katwe, Kampala, ananiambia fundi, nikipanda Kololo na abiria mmoja tu mota inachemka huwezi kuigusa, na betri inakata kabla ya saa sita. Kumbe kuna mtu alimbadilishia senza za hall (vidude vinavyoonyesha rota, ile sehemu inayozunguka, iko wapi), nguvu ikapungua, basi akampandishia ampea kwenye kontrola, kile kisanduku kinachoipa mota umeme. Hapo ndo mi huumia kwa kweli, maana joto la waya linapanda kwa mraba wa mkondo, zidisha ampea 15% joto linazidi kama theluthi.

Shida haikuwa ampea, ni pembe, yani mkondo unaelekea wapi ukilinganisha na sumaku za rota. Kontrola ya FOC (inayoelekeza mkondo kufuata sumaku) inapima mkondo wa zile waya za fezi, yani waya nene tatu za mota, halafu inaugawa sehemu mbili kufuata mahali rota ilipo: Iq ndo inasukuma, Id inalala sambamba na sumaku. Mota ya kwenye rimu sumaku zimebandikwa juu ya rota, torki yote inatoka kwa Iq, so Id iweke sifuri, ukiipa kitu unapasha waya bure (labda unatafuta spidi kubwa barabara ya Jinja, hapo Id hasi, yani ya kupinga sumaku, inasaidia maana volteji inayozalishwa na mota yenyewe imeshafikia ile ya betri).

Sasa mota yake ina jozi 20 za poli (kaskazini na kusini za sumaku), na kila jozi ikipita ni digrii 360 za umeme. Nikazungusha gurudumu kwa mkono, oskiloskopu (kifaa cha kuchora volteji kwenye skrini) kwenye fezi mbili na hall moja, naona pale hall inapobadilika pamepishana na pale volteji inapovuka sifuri kwa kama digrii 30 za umeme. Gawa kwa 20, ni digrii 1.5 tu za gurudumu! Kwenye mota ya upana wa sentimita 20 hiyo ni milimita mbili na nusu hivi, senza zimegundishwa vibaya basi. Lakini kosini ya 30 ni 0.87, yani torki ile ile inataka ampea 15% zaidi, ndo zile alizoongezewa. Nikasahihisha pembe kwenye programu, ampea nikarudisha chini.

Mota za sumaku zilizozikwa ndani ya chuma ni habari nyingine, na hizi ndo nazipenda. Chuma cha rota kinapitisha sumaku kirahisi upande mmoja kuliko mwingine, rota inavutwa kujipanga, hiyo ni torki ya ziada ukitoa Id hasi kidogo. Kiasi gani? Fomula ipo, ila chuma kikishiba sumaku namba za Lq (induktansi ya upande wa Iq) zinashuka na fomula inakudanganya, afadhali upime. Mi hufunga rota kwa mkono wa chuma unaokalia mizani, nashikilia ampea 50, nasogeza pembe ya mkondo digrii tano tano kuanzia 90 (hapo ni Iq tupu) kuelekea Id hasi, naandika kilo, mizani ikianza kurudi chini narudi hatua moja, hiyo ndo pembe ya ampea 50, halafu naanza upya na 80.