Kabla ya Kuilaumu Nguzo, Itazame Friza

Malalamiko tunayopokea Malindi msimu huu wa joto yanafanana: "Stima imerudi na nguvu, TV imeungua." Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi mkaguzi wetu akiingia ndani humkuta mkosaji kando ya mlango, anavuma.

Katika nyumba moja mtaa wa Shela niliyoikagua, friza ya pweza na barafu za kuuza, pampu ya kisima na televisheni vilikuwa kwenye ekstensheni moja. Kila kompresa ilipowaka, taa zilififia. Mota ikianza kuzunguka huvuta mkondo mara 5 hadi 8 ya kawaida yake. Ikizimika, sumaku iliyokuwa kwenye koili huporomoka na kutupa mruko wa volti, mfupi mno, kwenye nyaya zilezile. Bodi ya TV si lazima ife papo hapo; huliwa kidogo kidogo. Nilipofungua soketi, skrubu zilikuwa za kijani kwa chumvi ya bahari, na tundu la athi (waya wa kwenda ardhini) limechomekwa kijiti ili plagi ya pini mbili iingie.

Tuelewane: taa nyekundu ya ekstensheni ni taa tu. Na kibreka hukata mkondo uliozidi, hakioni mruko uliokwisha kabla hujapepesa jicho. Kinga halisi ya mruko hutaka athi nzima, na kinga yenyewe huchakaa. Kile kilinda friji kinachongoja dakika chache kabla ya kurudisha stima huiokoa friza, si TV. Friza na pampu zipewe laini zao kutoka kwenye bodi ya vibreka.

Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, chini ya Sheria ya Nishati ya 2019. Usione haya kuiomba leseni hiyo: soma jina, daraja na tarehe ya kumalizika, ulinganishe na kitambulisho. Akimaliza akupe cheti cha kazi chenye sahihi, ukihifadhi. Mita asiiguse. Kukata sili, yaani lakiri ya mita, ni kosa, hata kama nia ilikuwa kukaza waya, na kusema "fundi ndiye aliyekata" hakumwondolei mwenye akaunti maswali.

Ila taa zikiwaka kwa mwanga mkali usio wa kawaida, feni ikizunguka kama imepagawa, huenda nyutro, waya wa kurudisha mkondo, imelegea nje na volti 240 zako zinakaribia 400. Zima swichi kuu, piga 97771 ya Kenya Power, andika nambari ya malalamiko. Hapo ilaumu nguzo.