Mahitaji yasiyo na uhakika katika magari ya kushirikiana

Katika huduma za magari ya kushirikiana, maneno "mahitaji yasiyo na uhakika" yanatumika ovyo siku hizi. Wateja wakipungua, utasikia mahitaji hayana uhakika. Magari yakirundikana upande mmoja wa jiji kila asubuhi, sababu ni hiyo hiyo. Huduma ikifungwa, lawama inaangukia hapo hapo, na hakuna anayeuliza ni uhakika wa kitu gani uliokosekana.

Huduma yenyewe inajulikana: magari ni mali ya kampuni au ushirika, mwanachama anachukua moja kwa dakika au saa chache, anaendesha mwenyewe na kulipia alichotumia. Ushirika wa Sefage wa Zürich, Uswisi, ulianza hivyo mwaka 1948. Mahitaji ni idadi ya watu wanaotaka gari mahali fulani, saa fulani. Yanakosa uhakika pale mpangaji anapolazimika kuamua anunue magari mangapi na ayaweke wapi kabla ya kujua watakuja wangapi.

Kwa hiyo uchache hauhusiki. Kituo kinachopata mteja mmoja kila siku bila kukosa kina mahitaji madogo, lakini ya uhakika kabisa.

Kupanda na kushuka nako ni jambo tofauti. Watu kwenda kazini asubuhi na kurudi jioni ni mwendo unaojulikana. Witkar, mfumo wa vigari vya umeme uliozinduliwa Amsterdam mwaka 1974 kwa wazo la Luud Schimmelpennink, uliruhusu gari kuchukuliwa kituo kimoja na kuachwa kingine. Mfumo wa aina hiyo lazima uwe na vituo vinavyokauka na vingine vinavyofurika, na hilo mpangaji analiona mapema. Dawa yake ni ratiba: wafanyakazi wahamishe magari usiku, au bei ipungue kwa anayeliacha gari kule yalikoadimika. Kutokuwa na uhakika ni kile kinachobaki baada ya kuondoa yote yanayojulikana. Jumanne mbili zinazofanana kwa kila hali, moja inaleta watu wawili, nyingine sita.

Hapo ndipo wastani unapowapotosha watu wenye akili zao. Tuchukue kituo ambacho katika nusu ya siku za mwaka kinatakiwa na watu wawili kwa siku na katika nusu nyingine na watu sita, kila mmoja akitaka gari kwa siku nzima. Wastani ni wanne, basi yanawekwa magari manne. Siku za wawili, magari mawili yanalala. Siku za sita, wanahudumiwa wanne na wawili wanaondoka. Wastani wa wanaohudumiwa ni watatu, wala si wanne. Mtu mmoja kati ya kila wanne amekosa gari katika kituo ambacho kwenye karatasi kinatosheleza.

Kinachoniuma zaidi ni kinachofuata. Kompyuta inaandika safari zilizofanyika tu. Aliyefungua programu ya simu, akakuta hakuna gari, akapanda basi, hakuandikwa kama safari. Mwaka unaisha, ripoti inasema mahitaji ya kituo ni matatu kwa siku, na gari moja linaondolewa. Sasa wanahudumiwa wawili siku moja na watatu siku nyingine, wastani wawili na nusu. Ripoti ijayo itasema mahitaji yameshuka tena, ilhali watu wanaotaka gari ni wale wale wanne kwa wastani. Huduma inajipunguza yenyewe, kisha mteja anaambiwa hatabiriki.

Katika mifumo ya kuacha gari popote ndani ya eneo, kama ilivyokuwa car2go iliyoanzia Ulm, Ujerumani, tatizo linasambaa. Gari ambalo halikuchukuliwa hapa asubuhi halitakuwepo kule mchana, na anayelikosa kule naye haonekani kwenye orodha ya safari. Palipo na vituo, mteja anahitaji vitu viwili: gari anapoanzia na nafasi ya kuegesha anapofika. Chochote kati ya hivyo kikikosekana, safari haipo.

Ndiyo maana wapangaji makini hugawa maamuzi mafungu mawili mapema. Idadi ya magari, vituo na mikataba ya maegesho havibadiliki haraka. Kuhamisha magari na kurekebisha bei kunawezekana kila siku. Wanaandaa hali nyingi zinazoweza kutokea, kila moja na uzito wake, kisha wanatafuta idadi ya magari itakayostahimili zote kwa gharama inayobebeka, wakihesabu pia ni kiasi gani cha makosa kitarekebishika kwa kuhamisha. Jibu huweza kuwa juu ya wastani au chini yake, kutegemea kipi kinagharimu zaidi: gari linalolala au mteja anayeondoka.

Basi kwa wanaoandika ripoti hizi, ombi ni dogo. Badala ya "mahitaji yalikuwa matatu kwa siku", andikeni "safari zilikuwa tatu kwa siku", na pembeni yake siku ngapi kituo kiliishiwa magari na watu wangapi walifungua programu wakati huo bila kupata kitu. Hesabu hiyo ya mwisho haitakuwa kamili, kwa kuwa wapo wanaochungulia tu, lakini iwekwe.