Mtoto Mdogo Anajifunza Nini Shambani?

Mtoto wa miaka mitatu hadi sita hujifunza kwa macho, mikono na pua kabla ya kujifunza kwa maelezo, na ndiyo maana nusu saa ya kumtazama ng'ombe mmoja akicheua humfaa kuliko kuzungushwa shamba zima mbiombio. Asimame kwa umbali salama, aone taya la chini likienda upande upande, kisha tonge likipanda shingoni na kutafunwa upya. Punde atauliza mnyama anatafuna nini ilhali hajainama kula. Hapo ndipo pa kumweleza kwamba tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne, na kwamba majani aliyokwisha kuyameza hurudi kinywani ili yasagwe vizuri. Jibu la swali alilouliza mwenyewe halimtoki upesi.

Hesabu na msamiati huja bila kulazimishwa: mayai huhesabiwa, na maneno kama kwato, kiwele na zizi hupata maana mbele ya macho.

Somo ninalolithamini zaidi, hata hivyo, ni la muda. Kuku huatamia mayai kwa takribani siku 21, akiyageuza kwa mdomo mara kwa mara, wala hakuna awezaye kumharakisha; mbuzi hubeba mimba kwa miezi mitano na ng'ombe kwa miezi tisa. Mtoto ambaye bado hajaelewa maana ya “wiki ijayo” huanza kuielewa anapofukia mbegu ya maharagwe, kisha akarudi baada ya siku saba hadi kumi na kukuta kijishina kilichopinda kikiinua udongo. Kwa sababu hiyo nawashauri wazazi na walimu wamrudishe katika shamba lilelile, badala ya kutafuta jipya kila mara.

Anayeogopa mnyama asishurutishwe kumgusa, kutazama kunatosha.

Usafi unahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa hata mnyama mwenye afya njema anaweza kubeba vimelea vya kuhara, na watoto walio chini ya miaka mitano huathirika zaidi. Wasile chochote karibu na mabanda, wasinywe maziwa yasiyochemshwa, na mtu mzima asimamie kila mtoto anaponawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwani vitakasa mikono haviui vimelea vyote. Viatu vyenye samadi visafishwe kabla ya kuingia garini.