Je, wajua? Pwani ya Pemba haiwezi kupungua kilomita 111, na operata zinalithibitisha hilo

Eneo la Pemba hutajwa kuwa takriban kilomita za mraba 988. Kisiwa chenye eneo hilo, kiwe na umbo lolote, mzingo wake haupungui kilomita 111. Kanuni yenyewe ni ya kale: P² ≥ 4πA, ambapo P ni mzingo na A ni eneo. Pande mbili hulingana kwa duara peke yake. Pemba, kwa hori zake za Chake Chake na Wete, imeupita mpaka huo kwa mbali. Kinachovutia ni kwamba kanuni hii huchomoza pia usikoitarajia: kwenye operata za nafasi ya Hilbert. Nafasi hiyo ni ya vekta zenye urefu na pembe, hata vipimo vikiwa havina ukomo, na operata ni kanuni ya kugeuza vekta kuwa vekta nyingine, kama matrisi ifanyavyo.

Aliyesoma matrisi kidato cha nne anajua kuwa AB na BA si lazima zilingane. Operata T huitwa haiponomali iwapo tofauti T*T − TT* haina upande hasi wowote, yaani ukiijaribu kwenye vekta x yoyote, zao la ndani la matokeo na x haliwi hasi. T* ni mwenza wa T, mfano wa transpozi. Usiitafute tofauti ya namna hiyo isiyo sifuri kwenye matrisi za darasani. Huko jumla ya ulalo mkuu wake ni 0 daima, na kisicho hasi chenye jumla 0 ni sifuri tupu. Lazima nafasi iwe na vipimo visivyo na ukomo.

Mwaka 1970 mwanahisabati Calvin Putnam alithibitisha kwamba ukubwa wa tofauti hiyo (kiwango cha juu inachoweza kurefusha vekta yenye urefu 1) hauzidi eneo la spektra ya T kugawanya kwa π. Spektra ni seti ya namba changamano λ ambazo T − λ haigeuziki, yaani haina kinyume. Ikiwa ni mstari tu, usio na eneo, tofauti hutoweka kabisa.

Sasa chora umbo lisilo na tundu, lenye ukingo laini. Chukua polinomia za z, kila moja uipime kwa kujumlisha mraba wa thamani yake kamili kando ya ukingo, kisha kamilisha nafasi. T iwe "zidisha kwa z". Hiyo ni haiponomali, na spektra yake ni umbo lenyewe pamoja na ukingo wake. Kwa hiyo Putnam anatupa dari: A/π.

Sakafu tunaipata kwa kuijaribu tofauti kwenye polinomia 1, ambayo mraba wa ukubwa wake ni P. Jibu ni mraba wa umbali kutoka z̄ (ikiwa z = x + iy, basi z̄ = x − iy) hadi kwenye nafasi yetu. Integrali ya z̄ dz kuzunguka ukingo ni 2iA, ilhali ya polinomia yoyote ni 0. Kwa hiyo umbali huo haupungui 2A/√P. Upandishe mraba, gawanya kwa P: 4A²/P². Sakafu haizidi dari, yaani 4A²/P² ≤ A/π, na ukipanga upya unapata P² ≥ 4πA. Njia hii ni ya mwanahisabati Dmitry Khavinson, na kwangu ni miongoni mwa hoja nzuri kuliko zote katika hesabu.

Angalia usipime polinomia kwa kujumlisha juu ya eneo lote badala ya ukingo. Kwa duara la nusukipenyo 1, ukubwa wa tofauti ungekuwa 1/2, wakati dari ya Putnam ni 1. Kauli yake ingebaki kweli, ila ingelegea, na mzingo usingeonekana popote katika hesabu.